Pipa la Garissa na Jina Nililopeleka Wajir

Akina mama wa Jumatano,

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ananishika mkono kisimani na kuniuliza, "Syombua mdogo hajambo?" na mimi najibu kwa kukohoa. Nimechoka kukohoa. Nimeandika yote mara moja, mke wa mchungaji awasomee. Yeye ni Mtaita, na Kikamba chake kinachekesha hata mbuzi, kwa hiyo nimeandika Kiswahili. Nilisoma madarasa mawili tu, na la pili sikulimaliza. Mkiona herufi imelala, isimamisheni wenyewe.

Habari za kutafuta barua ya ruhusa nitaziruka. Kungoja mbele ya meza ya mtu mnakujua wote.

Mnakumbuka kilichonipeleka. Binti yangu Mwikali anakaa Wajir, mume wake Mutua anaendesha lori la mfanyabiashara mmoja huko. Wana msichana, Kalondu, aliyechukua jina la mama yake Mutua. Ndivyo ilivyo kwetu, msichana wa kwanza ni wa nyanya upande wa baba, wa pili huchukua jina langu, Syombua. Mama Mutua amenitembezea jina hilo Mwingi nzima miaka minne kama mtu aliyenunua baiskeli. Baada ya Kalondu alikuja mvulana, akazaliwa bila pumzi. Halafu ikaja mimba hii. Mwikali akaandika: "Mama, naota ni msichana, na ninaogopa. Njoo umpe jina siku ya tatu. Mwingine simtaki."

Mke wa mchungaji, wewe hujui, kwa hiyo nakueleza: kwetu mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo ni mgeni aliyesimama mlangoni, anaweza kugeuka akaenda zake.

Mlifunga siku tatu kwa ajili yangu. Mimi nilifunga mbili na nusu, sasa nimeungama. Na kabla ya kutoka nilipiga magoti nikamwambia Mungu, "Bwana, nimefagia kanisa lako miaka kumi na moja, na unajua wanaume wanavyotema mate pale mlangoni. Sijakuomba makubwa. Nataka mtoto mmoja, na pumzi ndani yake."

MWINGI HADI UKASI

Nilipanda lori la vitunguu. Nilikuwa na kiondo cha unga wa wimbi, kibuyu cha asali, na kuku mweusi aliyefungwa miguu, wa kumpikia Mwikali supu akishajifungua. Yule kuku alikuwa na tabia mbaya. Kila lori lilipopiga shimo alinitazama mimi kama ndiye niliyechimba.

Dereva alikuwa mtu wa kwetu, mwenye maneno mengi. "Nyanya, huko unakokwenda waasi wa shifta wanatega mabomu barabarani."

"Basi endesha kando ya barabara."

"Kando ndiko wanakolala wenyewe."

"Basi endesha na ufunge mdomo, wasikusikie."

Pale Ukasi lori liliharibika, tukakaa mpaka kesho yake asubuhi. Nilikula muhogo wa kuchoma na vitunguu vibichi vya watu. Vitunguu nilivichukua bila kuuliza. Hilo pia nimeungama, mengine hayawahusu.

KIZUIZI CHA GARISSA

Tulivuka mto Tana jua likiwa limepanda. Ng'ambo kulikuwa na kizuizi, magunia ya mchanga, askari wenye bunduki, na lori zimepangwa mstari mrefu. Ulikuwa msafara wa kwenda Wajir, kwa sababu siku zile hakuna gari lililothubutu kwenda peke yake. Mpango wetu ulikuwa rahisi. Mutua angekuja na msafara mpaka Garissa, mimi ningepanda lori lake, tungekwenda.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu mambo, na nataka msinikatize.

Mke wa mchungaji, nakueleza tena. Sisi Wakamba tuna nthoni. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, huyu anaingia kichaka hiki na yule kichaka kile, mpaka mkwe alete mbuzi na blanketi na pombe ya asali, wazee wanywe, nthoni iondolewe. Mbuzi Mutua alileta. Blanketi alileta, tena zuri. Pombe mume wako mchungaji aliikataza, na bila pombe wazee walikataa kufungua midomo. Basi kanisa likatuacha vichakani. Miaka sita nimekuwa namjua mkwe wangu kwa kisogo tu.

Mpango ulikuwa nipande nyuma juu ya magunia, yeye abaki mbele kwenye usukani, na mtu mwingine atupelekee maneno. Lakini nilikuwa nimesimama pale na kuku wangu nilipoona kisogo kile kinatoka kwenye lori la tatu. Kisha kikaanza kugeuka.

Sikufikiri. Nilijifunika leso kichwa kizima, nikaruka nyuma ya pipa la maji.

Fikirieni kidogo. Vita. Kizuizi. Mzee wa kike anajifunika uso na kujificha karibu na lori za msafara, na ndani ya leso kitu kinapiga kelele.

"Toka! Mikono juu!"

Nilitoka. Mkono mmoja juu, mwingine una kuku.

Koplo aliyenifokea hakuwa Mkamba, na hilo ndilo lililoniponza. "Unajificha nini?"

"Namkimbia mkwe wangu, afande."

"Mkwe wako ni shifta?"

"Ashindwe! Ni dereva wa lori lile pale."

"Amekupiga?"

"Hajanipiga. Ni mkwe mzuri sana."

"Amekuibia?"

"Alinipa blanketi."

Koplo akahesabu kwa vidole. "Mtu mzuri, amekupa blanketi, na unamkimbia nyuma ya pipa." Akamwita Mutua. "Wewe dereva! Njoo umtazame huyu mama, useme kama ni wako."

Mutua akaja kinyumenyume. Ndiyo, kinyumenyume, mpaka akamgonga askari. "Afande," akasema akiangalia mto, "nangoja mama mkwe, lakini siwezi kumtazama huyu."

"Geuka!"

"Afande, nipige tu. Kugeuka siwezi."

Nilijivunia kijana yule wakati ule. Nilifikiri, hapa Mwikali aliolewa. Mimi nami nilikuwa nimevuta leso mpaka kidevuni. Koplo alisema hajapata kuona jamaa za namna hii, akaandika kwamba dereva amekataa kunitambua, na barua yangu ya ruhusa ikapelekwa mahali ikaangaliwe. Mutua alibembeleza, kwa upande wa mgongo. Lakini filimbi ililia, msafara hauwezi kungoja mtu mmoja, na kisogo cha mkwe wangu kikaenda Wajir bila mimi.

Msafara mwingine ulikuwa baada ya siku nne.

SIKU NNE KWA HALIMA

Aliyeniokoa nisilale kituoni ni Halima, mwanamke wa Kisomali wa umri wangu, aliyewauzia askari chai na anjera, zile chapati zao laini, pale pale kizuizini. Alikuwa amesikia yote na amecheka mpaka amekaa chini.

"Koblo," akasema, maana p kwake ni b, "mama huyu si shifta. Shifta iko na akili. Mimi nitaweka yeye kwangu." Koplo akakubali, kwa sababu akimkasirisha Halima atakunywa chai gani?

Nyumba yake ilikuwa ya miti iliyokunjwa na mikeka. Akaniita ayeyo, ambayo kwao ni nyanya, nikafurahi nikajinyoosha. Akanipa maziwa ya ngamia yaliyofukizwa moshi. Nilikunywa kwa adabu, tumbo langu halikuwa na adabu, na siku ile ya kwanza nilijua njia ya kichakani kuliko wenyeji.

Kuku wangu, Halima hakumtaka ndani.

"Ayeyo, toa ndege yako nje."

"Si ndege, ni supu."

"Nyinyi nakula hii? Hii nakula minyoo, halafu wewe nakula yeye?"

"Na ninyi mnakunywa moshi."

"Moshi ni safi!"

Tulielewana sana.

Kitu kimoja tu kilinikera. Kila jambo lilipotokea, Halima alisema alhamdulillahi. Chai imemwagika, alhamdulillahi. Mguu unauma, alhamdulillahi. Siku ya pili aliniambia, huku anageuza anjera, kwamba zamani alikuwa na ngamia wengi wa kwake, walioachwa na baba yake. Watu wenye bunduki walikuja. Kwanza wale wa msituni wakachukua baadhi, kisha wale wa serikali wakachukua waliobaki, wakisema aliwapa wale wa kwanza. Sasa anauza chai kwa watu waliovaa nguo kama za wale wa pili. "Alhamdulillahi," akasema.

Nikashindwa kuvumilia. "Halima, ngamia wamekwenda. Unamshukuru Mungu kwa lipi?"

"Mimi nashukuru yeye," akasema. "Kwa ngamia bado nanung'unika."

"Pamoja?"

"Bamoja. Kwani wewe, bwana yako akikosa, nafukuza yeye kwa nyumba, ama nagombeza yeye halafu nabika?"

Niliwaza hilo nikiwa kichakani.

Adhuhuri yeye alitandika mkeka wake akaswali. Mimi nikaona nisionekane mtu asiye na dini, nikapiga magoti upande wangu, kuku akiwa katikati yetu. Nikamwambia Mungu, "Bwana, nipo Garissa kwa sababu ya pipa. Nafahamu kosa ni langu. Lakini wewe ulikuwa unaona. Ulishindwa nini kumwangusha yule koplo usingizi? Haya, mzuie Mwikali kwa siku sita. Siku sita tu, Bwana. Ulizuia jua zima." Nilipomaliza Halima aliuliza kama huwa tunamgombeza hivyo kila siku. Nikamwambia ni mimi tu, wengine wanaimba.

Siku ya nne barua yangu ilirudi, hakuna aliyeona kosa. Koplo mwenyewe alinisaidia kupanda lori. Halima akanipa anjera zilizofungwa kwa kitambaa. "Nenda, ayeyo. Ukifika, tazama mkwe yako. Mungu alibatia yeye uso. Hakuweka ile kwa bure."

GARISSA HADI WAJIR

Njia ile ni mchanga, miiba, na mchanga. Tulipita Modogashe wote tumekuwa rangi moja, mtu humjui ni kabila gani, na nadhani kama shifta wangetuona hivyo wangetuacha kwa kukosa la kufanya.

Kabla ya Habaswein kulitokea mlipuko. Wote tulishuka tukalala chini ya lori. Dereva wetu, mzee aliyekuwa akikohoa tangu Garissa, alilala karibu nami. Nitawaambia sala niliyosali, ili msidhani nilikuwa shujaa. Nilisema, "Bwana, kama ni lazima umchukue mmoja, huyu anakohoa."

Ilikuwa gurudumu. Lilipasuka tu lenyewe. Wanajeshi waliangalia kila kichaka, wakatuambia msafara hautasogea mpaka kesho. Siku nzima imeliwa na gurudumu! Nilimpa yule dereva asali ya kifua, vijiko vitatu vikubwa. Akanibariki sana. Sikumwambia ni ya nini.

WAJIR

Wajir ni nyeupe. Mchanga mweupe, nyumba nyeupe, mawe meupe, punda kila mahali wakingoja kwenye visima. Nilishuka nikauliza nyumba za madereva. Nilikuwa nimejifunga leso mpya kwa ajili ya kumpokea mtoto, na kuku alikuwa hai, ingawa hatukuwa tunasemezana.

Kalondu alikuwa anacheza mlangoni. Hakunijua, alikuwa mchanga mno nilipomwona mwisho. Nikamwambia, "Mimi ni nyanya Syombua."

Akanitazama vizuri, akasema, "Mtoto alikuwa na nywele nyingi."

Alisema "alikuwa". Nilisimama pale pale na kiondo changu.

Ndani Mwikali alikuwa amekaa kitandani, kifua kimefungwa kitambaa kwa sababu ya maziwa. Aliponiona hakulia. Alisema, "Mama, umefika," kama kwamba natoka kuteka maji.

Alikuwa msichana. Alizaliwa jioni ile Mutua aliporudi bila mimi. Alikuwa na pumzi, akina mama, niliomba pumzi na pumzi alipewa. Alinyonya siku ya kwanza, ya pili akaacha kunyonya. Wanawake jirani walimwona anavyofifia, wakamwambia Mwikali, mpe jina, yoyote, mtoto asiende hivi. Mwikali akakataa. Akawaambia, "Mama yuko njiani. Jina analo yeye." Asubuhi ya siku ya tatu mtoto aligeuka akaenda zake. Walimzika siku ile ile niliyopanda lori Garissa.

Ningekwenda na msafara wa kwanza, ningefika anazaliwa. Ningempa jina. Nilikuwa Garissa, nakunywa chai.

Nje, nyuma ya ukuta, kuna mtu alikohoa. Alikuwa Mutua. Hakuingia, kwa sababu mimi nilikuwa ndani.

"Mwaitu," akasema. Hilo kwetu ni mama. "Mwaitu, nisamehe. Ningegeuka tu. Ningegeuka siku ile ungepanda."

"Na mimi ningetoka nyuma ya pipa," nikamjibu ukuta.

Ndipo nilipomsikia analia, mwanaume mzima analia na ukuta, anameza sauti ili asimkosee heshima mama mkwe wake. Nikasema moyoni, nthoni gani hii? Heshima imetufikisha hapa. Nikaondoka, nikazunguka ukuta, nikasimama mbele yake. Alitaka kugeuka. Nikamshika mashavu kwa mikono miwili.

Kumbe ana mwanya. Kumbe jicho la kushoto ni dogo kuliko la kulia, kama la Kalondu. Miaka minne nilikuwa sijui Kalondu alitoa wapi jicho lile.

Tulilia hapo mpaka punda wakatutazama. Kisha nikamchinja yule kuku, nikampika, tukala wanne kutoka sinia moja, Mwikali, Mutua, Kalondu na mimi. Nthoni yetu imekwisha. Mwambieni mchungaji haikuhitaji pombe, na waambieni wazee haikuwahitaji wao.

PALE ALIPOLALA

Kesho yake Mutua alinipeleka wanapozikwa watu wa bara kama sisi. Kaburi lilikuwa fupi kama meza, limerundikwa mawe meupe kwa ajili ya fisi. Mutua aliyabeba yote mwenyewe. Nilipiga magoti. Najua mlitaka nikasali vizuri, kwa niaba yenu. Nilisema hivi:

"Bwana, sikuleta wimbo. Nilifagia, walifunga, nilipanda lori, na umefanya ulivyotaka. Nimekasirika, na nitaendelea kukasirika, usiniulize mpaka lini. Lakini sina Mungu mwingine wa kumkasirikia, na huko kwenye mchanga nimeona kwamba nikinyamaza na wewe ndipo nitakapopotea kabisa. Kwa hiyo wewe nakushukuru. Kwa mtoto bado nanung'unika."

Halafu nikaweka mkono juu ya mawe, nikampa jina. Nikalisema mara tatu kama inavyopaswa: Syombua, Syombua, Syombua. Mutua aliitikia. Najua mchungaji atasema mtu hapewi jina akiwa kaburini. Wazee wa kwetu nao watasema hivyo hivyo. Itakuwa mara ya kwanza kanisa na wazee kukubaliana, na wote wamekosea.

KURUDI

Mwikali alipopata nguvu ya kuteka maji, nilirudi na Mutua, nimekaa mbele, karibu na usukani. Tulizungumza njia nzima. Ni msemaji ajabu! Nilianza kuona faida ya nthoni.

Garissa, koplo alituona tunashuka pamoja tukicheka, akavua kofia akajikuna. Halima alimimina chai. Akauliza, "Mjukuu?" Nikamwambia yote. Nilingoja aseme neno lake lile. Hakulisema. Alikaa chini karibu nami, akanishika goti, chai ikapoa. Baadaye sana, nilipokuwa napanda lori la Mwingi, ndipo nilipolisema mimi, kwa lugha yake, na kwa matamshi mabaya. Akanirekebisha.

Sasa nimefika nyumbani. Jumamosi nilichukua ufagio wangu, nikafagia kanisa, pamoja na pale mlangoni. Mungu na mimi bado tunasemezana kwa mkato, lakini tunasemezana.

Mama Mutua akiwauliza, mwambieni nina mjukuu wa jina langu Wajir, na asinihurumie. Nanyi msiniulize tena kisimani nikaanza kukohoa. Niulizeni kwa jina lake. Siku ile Bwana akiita Syombua, tutaitika wawili, na mimi, safari hiyo, sitakuwa nyuma ya pipa.